Tiyo Iliyopika Bugali

Mama yangu mdogo ndiye mwanamke peke yake niliyemjua Uvira aliyekuwa anapanda juu ya nyumba za watu kwa kazi. Alisafisha gutiere, ile mifereji ya bati inayozunguka ukingo wa paa na kupeleka maji ya mvua kwenye tangi. Kwetu robine, bomba la mji, inaleta maji siku inayojisikia, kwa hiyo mwenye manjanja mazuri, yale mabati ya paa, na tangi anaitegemea mvua kuliko robine, na kabla ya mvua anamwita mama mdogo. Alipanda na mwiko mzee na ndoo, kitenge amekifunga juu ya suruali, na mimi chini nikashika ngazi. Nilipenda kazi hiyo. Anayeshika ngazi haulizwi maswali mengi.

Niseme wazi, mimi ni muntu wa haya. Darasani jibu nalijua, na likisemwa na mwingine nafurahi kama vile nimelisema mimi. Kwa wateja ilikuwa hivyo hivyo. Nikiona kitu nilimnong'oneza mama mdogo, naye akakitangaza kwa sauti ya kwaya: "Huyu mutoto anasema muko na kiota cha panya hapa!" Aibu yote ikanirudia, lakini habari ilikuwa imefika.

Kiangazi kilichopita mama mdogo akashika mimba, ya kwanza, na walikuwa wameingoja sana. Mume wake, baba mdogo, alifurahi mpaka akaanza kuogopa kila kitu: pikipiki, pilipili, jua la saa sita, na kuliko vyote, ngazi.

"Ngazi, basi," alisema siku moja tukiwa tunakula. "Mutoto wangu hatazaliwa juu ya nyumba ya watu."

"Atazaliwa chini kama watoto bote. Minye napanda tu, sizai kule."

"Hapana. Utakaa kwenye kioske."

Kioske ni yake, iko Kasenga, pembeni ya barabara. Ana grupu, jenereta ndogo ya petroli, na watu wanaleta simu zao zitiwe moto, yaani zichajiwe. Kazi ya kuzichunga ni kukaa kwenye kiti kutoka asubuhi, ukitazama simu zilizolala kwenye ubao, ili mwenye simu ya bei ndogo asiondoke na ya mwingine yenye bei zaidi. Mama mdogo akaweka tonge chini.

"Nikae nitazame simu zinalala? Afadhali nitazame ziwa, lile angalau linatikisika."

Hakuwa anatania. Aliipenda kazi yake. Alipenda watu wasimame barabarani na kusema, "Oneni mama kule juu!" Alipenda kuona mji wote, ziwa upande huu na milima upande ule, na kushuka na ndoo iliyojaa uchafu wa mwaka mzima. Nilimwona usiku ule akiosha sahani moja tu muda mrefu.

Baada ya siku chache akaja na simu mkononi. Mtu mmoja wa nchi ya mbali, kwenye video, alikuwa anasafisha gutiere miguu yake ikiwa chini. Alikuwa na aspirateri, ile mashine ya kunyonya vumbi, na tiyo ndefu ya plastiki iliyopindwa huko juu kama bakora. Baba mdogo aliitazama video, akairudisha nyuma, akaitazama tena.

"Sawa," akasema. "Unionyeshe gutiere moja, moja tu, imesafika na miguu yako iko chini, nitakukopesha hata grupu. Lakini mbele ya mvua. Mvua ikifika na hujanionyesha, ni kioske."

Na juu ya milima mawingu yalikuwa yameanza kukutana kila mchana, kama wazee wenye neno.

Tukaenda kwa fundi mmoja wa Kasenga anayeuza na kutengeneza vitu vilivyotumika kutoka Bujumbura: feni, pasi, redio, blenda. Aspirateri alikuwa nazo mbili. Moja nyekundu, inang'aa, ina magurudumu. Nyingine ya kijivu, kama pipa fupi, na kifuniko chake kimebondeka katikati. Fundi alikuwa amekaa juu yake.

"Mama, hii nyekundu ni simba," alisema. "Sikia mwenyewe."

Akaiwasha. Kuku wa jirani wakakimbilia barabarani. Fundi wa nguo wa upande wa pili akatoa mguu kwenye cherehani atazame. Macho ya mama mdogo yakang'aa kama ile mashine.

"Iko inalia vizuri!"

Lazima nieleze. Kwetu mashine isiyolia hatuiamini. Kinu kizuri kinasikika mpaka mtaa wa pili, moteri nzuri ya mtumbwi inasikika kabla ya kuonekana, na kanisa lenye baffle ndogo, yaani spika, halipati watu. Fundi alipoinuka na kuwasha ile ya kijivu, kwa heshima tu, yenyewe iliguruma chini chini, kama mtu anayeitikia salamu bila kutaka. Mimi nikaipenda palepale. Niliielewa.

"Mama mdogo," nikanong'ona, "ile ya kijivu..."

"Huyu mutoto anapenda ile iliyobondeka!" akatangaza.

Walicheka wote, hata yule wa cherehani. Tukaondoka na simba.

Tiyo tulinunua zile za plastiki za mafundi wa maji. Kipande cha juu tulikipasha juu ya mbabula, jiko la makaa, mpaka kikalegea, tukakipinda, na kilipopoa kilibaki na umbo la bakora. Tukajaribu kwetu nyumbani, kwenye gutiere yenye majani makavu. Nilishika tiyo, mama mdogo akabonyeza. Majani yalishuka, sitasema hayakushuka. Yalishuka moja moja, kwa kusitasita, kama watu wanaoitwa mbele kutubu.

"Inaanza kuzoea," mama mdogo alisema.

Kesho yake, umeme wa mji ukiwepo, tulikwenda mtaa wa Songo, kwa mama mchungaji, mteja wake wa zamani. Tulitaka tujaribu pale kwanza, kisha tumwite baba mdogo aone. Mama mchungaji ana ndugu Runingu wanaomletea mihogo, na mihogo hiyo anaianika juu ya manjanja ya jiko, maana mbuzi wa mtaa ule hawana adabu. Kwa hiyo gutiere ya jiko ilikuwa imejaa vipande vya muhogo, unga wake, na vumbi la kiangazi chote. Nilipoigusa tu kwa tiyo, wingu jeupe likatushukia. Na kwenye kamba kulikuwa na mashati ya Jumapili ya mchungaji.

Hapo ndipo malezi yetu yalipotuponza. Msichana aliyelelewa vizuri hafagii kiwanja kabla ya kunyunyiza maji. Mimi nilichapwa juu ya hilo, mama mdogo alichapwa, na tate, mama aliyemzaa yeye na mama yangu, ndiye aliyetuchapa sisi wote. Kwa hiyo hakuna aliyejiuliza. Mama mchungaji mwenyewe alileta beseni na vikombe. Tukarusha maji juu, kikombe kwa kikombe, taratibu, mpaka vumbi likatulia kabisa.

"Mumelelewa," mama mchungaji akasema. "Wengine wangetujaza vumbi."

Nikainua tiyo. Nyekundu ikanguruma vizuri, kisha ikabadili sauti. Ikapanda juu, juu zaidi, kama mtu aliyemeza mwiba wa samaki. Ikaja harufu ya nywele zilizoungua. Halafu kimya.

"Imezimika," mama mchungaji akasema.

"Imechoka," mama mdogo akasema.

Nikafungua tiyo, nikaiinamisha, nikaigonga na kandambili. Kwanza hakikutoka kitu. Kisha, polepole, kikaanza kutoka kitu cha rangi ya majivu, kirefu, laini, chenye umbo la tiyo kamili. Kikaanguka kwenye beseni: pwa. Unga wa muhogo, maji, na joto la moteri, tulitegemea tupate nini? Mama mchungaji akainama, akanusa.

"Bugali iko tayari," akasema. "Inakosa tu ndagala."

Tulicheka mpaka mama mdogo akashika tumbo na kuomba kiti. Halafu nikaona amenyamaza kabla yetu. Tuliteremka Songo kwa miguu, mimi nimebeba simba mgongoni kama mtoto mgonjwa, na kule milimani kukanguruma.

"Nitachunga simu," alisema tulipofika barabara kubwa.

Jioni baba mdogo akauliza, "Mashine inaendelea je?"

"Inapumzika," mama mdogo akajibu, na mimi nikaangalia sahani yangu.

Asubuhi tulikuwa kwa fundi kabla hajamaliza kufungua mlango. Alifungua skrubu, akatoa mfuko wa karatasi uliokuwa tumboni mwa ile mashine. Ulikuwa uji. Akatuonyesha: katika mashine ya namna ile hewa inayonyonywa inapita kwenye mfuko, kisha inapita katikati ya moteri ili kuipoza. Hewa yetu ilikuwa na maji, kwa hiyo maji nayo yalipita.

"Mama, hii ni ya nyumba yenye tapi, zulia, chini. Ya kunyonya vumbi kavu."

"Na weye si uliniambia ni simba?"

"Simba hapendi maji, mama."

"Angalia huyu muntu!"

Alikausha moteri kwa feni, akatoa sharbo, vile vipande viwili vya makaa vinavyoigusa sehemu ya moteri inayozunguka na kuipa umeme. Vilikuwa vimeisha kabisa. Akatafuta vingine kwenye mashine ya kutobolea iliyokufa, lakini vilikuwa vinene. Akanipa kimoja, yeye akachukua kingine, tukakaa kwenye kizingiti tukivisugua kwenye simenti, tukivijaribu, tukivisugua tena. Vidole vyangu vikawa vyeusi. Sijui nisemeje, lakini asubuhi ile nilikuwa na raha kuliko siku nyingi za shule. Hakuna aliyeniuliza kitu, na makaa yalikuwa yanapungua kidogo kidogo mpaka yakaingia mahali pake, tiki.

Nyekundu ikafufuka. Ikalia vile vile. Mama mdogo akapiga makofi.

"Basi tutanyonya vikavu tu! Twende, mvua haitungoji."

Mimi nilijua hapana. Vikavu ni lile wingu jeupe na mashati ya mchungaji. Na zaidi, nilikuwa nakumbuka yale majani yanayotubu. Mashine ilikuwa inalia chini, lakini huko juu mwisho wa tiyo, ilikuwa inafanya nini? Nilimwambia mama mdogo sikioni. Hakusikia, nyekundu ilikuwa inalia. Nikasema kwa nguvu kidogo. Hakusikia. Alikuwa tayari anafunga mkoba. Nikavuta pumzi, nikapiga kelele kwa nguvu zangu zote, na sekunde ile ile fundi akaizima mashine.

"JARIBU NA TIYO! ZOTE MBILI!"

Kasenga ikanyamaza. Motari wa pikipiki aliyekuwa anapita akafunga breki. Cherehani ilisimama.

"Kumbe huyu anaongea," fundi akasema.

Nilitaka kuingia ndani ya blenda. Lakini lilikuwa limeshasemwa. Tukaunganisha tiyo zote, zikatoka mlangoni, zikapita mbele ya fundi wa nguo, zikafika kwa mama muuza karanga. Mimi nikaenda mwisho kule, nikaweka kiganja. Nyekundu ikawashwa, kelele mtaa mzima. Kwenye kiganja changu? Pumzi ya mtoto anayelala.

Fundi akaivuta ile ya kijivu. Mgurumo wake hata sikuusikia kutoka pale. Nilifikiri hawajawasha, na tiyo ikanikamata kiganja. Nikakivuta, kikakataa. Mama wa karanga alicheka, akanisaidia kukitoa, na palibaki duara jekundu. Kisha maganda yake yote ya karanga yakaondoka mezani kabla hajafunika.

"Hee! Hiyo iko inakula!"

Tukaipa beseni la maji yenye unga wa muhogo. Ikanywa yote. Fundi akafungua kifuniko tuone: moteri imekaa juu peke yake, uchafu na maji vinaishia ndani ya pipa chini, na kuna kibofu kidogo kinachoelea, pipa likijaa kinaziba njia ili maji yasipande. Fundi akajikuna kichwa.

"Mama, sijawahi kuijaribu hivi. Ile ilikuwa kiti changu."

"Na mubonyeo ni wa nani?"

"Ni wangu," akakiri, akijipapasa nyuma.

Walibadilishana, nyekundu kwa ya kijivu. Mama mdogo alimwahidi kiti cha kweli kutoka kwetu, na alikipeleka siku ile ile, asije akageuza mawazo. Ubovu haukukosekana: sponji ya kuchujia ilikuwa imekuwa makombo, nikakata nyingine kutoka godoro letu la zamani na kuifunga na mpira. Kwenye maungio ya tiyo hewa ilikuwa inapiga mluzi, tukayafunga na vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli, tukivivuta kwa meno mpaka mluzi ukaisha.

Baba mdogo alikuja Songo Jumamosi na grupu nyuma ya pikipiki. Upepo ulikuwa unatoka ziwani na mawingu yalikuwa yameshuka mpaka nusu ya mlima. Akamkalisha mama mdogo kwenye kiti, akasimama kando, mikono kifuani, kama muntu wa mtihani wa taifa. Mama mchungaji safari hii alikuwa ameanua mashati.

Grupu ikawaka. Nikainua tiyo. Kwa muda kidogo hakukuwa na kitu, na nilimwona mama mdogo anashika kingo za kiti. Kisha ikaanza kushuka: kra, kra, kra, vipande vya muhogo vikigonga ndani ya tiyo kama maharagwe yanayomiminwa kwenye sufuria. Baba mdogo akaachia mikono. Akasogea. Akaweka sikio kwenye tiyo.

"Inapita!" akapiga kelele. "Mama, inapita!"

"Nasikia, baba. Siko kiziwi."

Nilizunguka jiko lote mpaka kona ya nyuma. Pale ardhi imeshuka na paa limebaki juu. Nikanyoosha mikono, nikasimama kwa vidole. Bakora ya tiyo ilikwaruza ukingo wa gutiere, ikateleza. Nikajaribu tena. Pale ndipo palipokuwa pameziba kabisa, pale mdomo wa kwenda kwenye tangi. Tone moja la mvua likanipiga usoni.

Mama mdogo alikuwa ameinuka. Nikafuata macho yake: ngazi ya mama mchungaji, imeegemea ukuta.

"Hatua moja tu," alisema, kwa sauti ndogo isiyo yake. "Mbili. Ninyooshe mukono tu."

Baba mdogo alikuwa amemwona pia. Uso wake ulianguka. Sikuona hasira, niliona mtu anayejiandaa kukataa jambo na kumhuzunisha anayempenda. Kama angesema, ingekuwa imekwisha. Mkono wa mama mdogo ukagusa ngazi.

"Mama mdogo, hapana!" Ilikuwa sauti yangu, na haikunong'ona. "Baba mdogo ni murefu!"

Wote wawili wakanitazama. Nikampa baba mdogo tiyo kabla hajafikiri. Akaipokea kama mtu aliyepewa mtoto wa mwingine, akainyanyua, na bakora ikaingia ndani ya kona bila yeye kujinyoosha hata kidogo. Ile ya kijivu ikanguruma, ikakwama, ikameza: gluup. Majani, muhogo, kiota, sijui na nini, vikashuka vyote kwa pamoja, na tiyo ikaruka mikononi mwake.

Akacheka kama mtoto.

"Kushoto," mama mdogo akasema. Alikuwa amerudi kwenye kiti. "Kushoto, weye! Hapana, kushoto ya minye!"

"Naona, naona."

"Huoni kitu. Rudisha nyuma. Sasa rudisha hiyo tiyo kwa mutoto, ni kazi yake."

"Ngoja kwanza nimalize kona hii."

Alimaliza kona ile, akamaliza na nyingine ambayo nilikuwa nimeshaisafisha. Mvua ikaanza kweli. Tulikimbiza grupu na mashine chini ya baraza, tukasimama pale wanne tukitazama. Maji ya kwanza yalitoka machafu, mama mchungaji akayaachia yamwagike. Kisha yakatoka meupe, akageuza bomba, tukasikia tangi linaanza kuimba kutoka chini. Miguu ya mama mdogo ilikuwa na matope, lakini ilikuwa chini tangu asubuhi, na baba mdogo aliiangalia, akakohoa.

"Jumatatu tunaenda kwa nani?" akauliza.

"Tunaenda? Nani amekuandika kazi?"

Yeye alikuwa anapangusa mashine ya kijivu na shati lake.

Sasa tumbo la mama mdogo limekuwa kubwa, na anafanya kazi akiwa amekaa. Anabebewa kiti, anakaa mahali anapoona gutiere yote, na anaamuru. Baba mdogo anashika tiyo kwenye kona za juu, mimi kwenye za kawaida. Shida imebaki moja: grupu ikiwa kwetu, kioske inafungwa, na watu wa simu wananung'unika. Wiki iliyopita mmoja alitufuata mpaka Songo, simu imekufa mkononi, akiomba itiwe moto hata kidogo tu kwenye grupu ile pale inayowaka.

"Hakuna shida, kaka," mama mdogo akamwambia kutoka kwenye kiti. "Lakini naona uko murefu. Shika kwanza hii tiyo."